Kelele Katika Hedifoni: Yatoka Kwako au Kwa Mwenzako?

Tangu mwaka 2020, pale shule na madrasa zilipofungwa kwa sababu ya maradhi ya korona, nyumba nyingi za pwani yetu zimeingiwa na chombo ambacho zamani tulikiona kwa marubani na watangazaji wa redio tu: hedifoni yenye kipaza sauti, ile ivaliwayo kichwani na kuchomekwa kwenye kompyuta. Maradhi yalipopungua milango ilifunguliwa, lakini chombo hakikuondoka. Kina mama wanasomesha kwacho. Mabinti wa chuo kikuu wanahudhuria darasa kwacho. Bibi anazungumza kwacho na wajukuu walioko Muscat, Dubai au London. Na zipo nyumba ambamo ndicho kitega uchumi, kwani kijana hupokea simu za wateja wa nchi za mbali pasi na kutoka ukumbini.

Basi chombo hiki kinapoanza kuvuma, kukwaruza au kurudisha mwangwi, si jambo dogo. Mwalimu wa kike anayewasomesha tajwidi wasichana walio ng'ambo huwaona wakipungua mmoja baada ya mwingine, wala hakuna amwambiaye sababu. Husema tu kwamba nafasi imekuwa finyu. Ukweli ni kwamba kusikiliza sauti yenye kelele kwa muda wa saa nzima kunachosha kichwa, na mtu huona haya kumlalamikia mwalimu wake. Naye, kwa kutojua kelele itokako, hununua hedifoni ya pili, kisha ya tatu, na kelele ikabaki pale pale.

Hubaki kwa sababu watu wengi huitafuta kelele mahali wanapoisikia. Katika mazungumzo ya kompyuta mna vyombo viwili, kila kimoja kina sikio na kina mdomo. Kinachokufikia sikioni mwako kimetoka mdomoni mwa chombo cha mwenzako, kikapita njia ndefu, ndipo kikafika. Kwa hiyo swali la mwanzo si "ni kelele gani?" bali ni "nani anayeisikia?"

Ikiwa unaisikia wewe peke yako, hata pale usipozungumza na mtu yeyote, basi ila iko upande wako wa kusikilizia: hedifoni, waya wake, tundu lake, au umeme wa nyumba. Ikiwa wenzako wanaisikia na wewe huisikii, ila iko katika kipaza sauti chako. Ama ikiwa unaisikia wakati wa mazungumzo tu, mwombe mwenzako azime kipaza sauti chake kwa nusu dakika. Ikitoweka, imetoka kwake. Hedifoni yako haina hatia, iache.

Mwangwi ndio unaowapotosha watu zaidi. Ukisikia maneno yako mwenyewe yakirudi baada ya kitambo kidogo, utadhani chombo chako kimeharibika, ilhali aghalabu mkosaji ni yule wa upande wa pili anayekusikiliza kwa spika ya wazi. Sauti yako inatoka kwenye spika yake, inaingia katika kipaza sauti chake, inakurudia. Yeye hasikii mwangwi wowote, na atakuapia kwamba kwake kuko shwari. Mwambie avae hedifoni au apunguze sauti ya spika. Lakini kama unajisikia papo hapo bila ya kuchelewa, hata kabla hujapiga simu, tazama katika mipangilio ya sauti ya kompyuta yako: katika Windows mna kisanduku kinachoiamuru kompyuta ikurudishie sauti ya kipaza sauti chako mwenyewe. Kikiwa na alama ya tiki, iondoe.

Njia ya kupata yakini bila ya kumsumbua mtu ni kujirekodi. Kompyuta zina programu ya kurekodia sauti. Nyamaza sekunde kumi, kisha soma au zungumza sekunde kumi, halafu sikiliza rekodi hiyo kwa chombo kingine, mathalani simu yako. Hapo utayasikia yale wenzako wanayoyasikia kila siku wakanyamaza kwa adabu. Tangu hapo badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, ukirekodi tena kila mara. Anayebadilisha mambo matatu kwa pamoja, kelele ikiondoka hajui kilichoiondoa, nayo ikirudi wiki ijayo ataanza upya.

Sasa tuzungumze juu ya kelele zenyewe, tukianza na mvumo mzito, kama wa nyuki waliofungiwa mtungini. Huo ni umeme. Umeme wa Kenya ni wa volti 240 na hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Mtetemo huo, na ule wa mara 100 unaozaliwa nao, ndio unaoingia katika nyaya za sauti. Kwa mwenye kompyuta ya mapajani jaribio ni jepesi: chomoa chaja, uiache itumie betri. Mvumo ukikatika mara moja, umeshamjua mwenyewe. Jaribu pia kugusa sehemu ya chuma ya kompyuta kwa kidole. Mvumo ukibadilika kwa kugusa, au ukihisi mwasho mdogo kama wa kusisimka ngozi, chaja yako haikupata njia ya kwenda ardhini.

Hapa sina budi kusema kwa ukali kidogo. Plagi yetu ina pini tatu, na ile ndefu ya juu ndiyo ya ardhi. Haikuwekwa kwa urembo. Mna nyumba kongwe ambazo soketi zake zina tundu la tatu lakini nyuma yake hapana waya wowote. Na mna mazoea yaliyoenea ya kuchokoa tundu la juu kwa kalamu ili plagi ya pini mbili iingie. Chaja iliyotengenezwa kutumia pini tatu, ikichomekwa kwa adapta ya pini mbili, hubaki na umeme mdogo usio na pa kwenda, nao hutafuta njia kupitia kompyuta, waya wa hedifoni, na hata mwili wa mvaaji. Mvumo sikioni ni onyo la bure. Usikate pini ya ardhi ili kuukimbia. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, apime soketi. Wakati unamngojea, somesha kwa betri.

Ukiona waya wa ardhi ni mzima na mvumo ungalipo, tazama ukutani. Kile kidude cha kuzungusha ili kupunguza mwendo wa panka hukatakata umeme, na mikato ile huingia katika nyaya zilizo karibu. Kizungushe huku umevaa hedifoni: kelele ikipanda na kushuka pamoja nacho, panka ndilo lenye kosa. Taa za bei rahisi nazo zina tabia hiyo. Hamisha kiti, usilaze waya wa hedifoni sambamba na waya wa umeme, na jambo limekwisha.

Kelele ya pili ni ile ya "shii" isiyokoma, kama mvua ya mbali juu ya makuti. Hii karibu kila mara huletwa na kipaza sauti kilichopandishwa nguvu kupita kiasi. Mtu aliambiwa "hatukusikii," akaenda kwenye mipangilio akapandisha kila kitelezi hadi mwisho. Katika kompyuta nyingi za Windows, chini ya kitelezi cha kiwango cha kipaza sauti mna cha pili, kinachopanda kwa desibeli 10, 20 na 30. Desibeli 20 huikuza sauti mara 10, na 30 huikuza zaidi ya mara 30. Lakini hukuza kila kitu, pamoja na mnong'ono wa nyaya zenyewe, panka, friji na jogoo wa jirani. Kirudishe kwenye 0, au 10 ikilazimu, kisha kisogeze kipaza sauti chenyewe. Ukipunguza umbali kati yake na mdomo kwa nusu, sauti yako huongezeka takriban desibeli 6, na kelele ya chumba haiongezeki hata chembe. Mahali pake ni pembeni mwa mdomo, umbali wa vidole viwili, si mbele ya midomo ambako pumzi za "p" na "f" zitapiga kama upepo wa kusi mlangoni. Kifuniko cha sponji kikipotea, tafuta kingine.

Katika mambo haya, wenye kuandika maelekezo ya vyombo hivi hawakumfikiria mwanamke mwenye ushungi. Kitambaa kikigusa kipaza sauti, kila anapogeuza shingo wenzake husikia mkwaruzo, naye akadhani waya umekatika. Tena akivaa hedifoni juu ya ushungi mzito, zile duara za masikioni haziketi vizuri. Anasikia kidogo, anapandisha sauti, sauti inavuja, inaingia katika kipaza sauti chake mwenyewe, na mwenzake wa mbali analalamika kuhusu mwangwi. Namna inayofaa ni kuvaa hedifoni juu ya kilemba chepesi cha ndani au juu ya nywele, kisha ushungi juu ya hedifoni, na mkono wa kipaza sauti uchomoze nje ya kitambaa. Bana kitambaa kwa pini chini ya kidevu kisije kikateleza. Wenye kuvaa pete za masikio zinazoning'inia, wazivue wakati wa darasa, nazo hugonga.

Mkwaruzo wa aina nyingine, ule wa kutatarika kama chumvi motoni unapogusa waya, hutokana na pini na tundu. Sisi watu wa pwani tuna adui ambaye mkaazi wa bara hamjui sana: hewa ya chumvi na unyevu. Pini iliyolala mezani miezi miwili karibu na dirisha la bahari hupata utando, na penye shaba hufanya kutu ya kijani. Ipanguse kwa kitambaa kikavu kisicho na nyuzi, kisha kwa pamba iliyotiwa spiriti ya kusafishia vyombo vya umeme, ile iitwayo isopropili, na uiache ikauke kabisa. Tundu lenyewe lisafishe kwa kuingiza pini na kuizungusha mara kadhaa kompyuta ikiwa imezimwa. Usitumie marashi wala uturi, maana mafuta yake hubaki na kushika vumbi. Wala usitie sindano. Hedifoni isipotumika ikae ndani ya mfuko uliofungwa, si juu ya dirisha.

Itazame pini hiyo vizuri zaidi. Ikiwa ina pete nyeusi mbili, ni ya kusikilizia tu, au ya kipaza sauti tu. Ikiwa na pete tatu, hubeba kusikia na kusema kwa pamoja, kama za simu. Kompyuta nyingi za mezani zina matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la waridi la kipaza sauti, na pini ya pete tatu haiwezi kuyatumia yote mawili bila ya kiunganishi cha kuigawa. Zaidi ya hayo, mpangilio wa pete hizo ulikuwa wa aina mbili, na baadhi ya hedifoni za zamani zina ule usiotumika sana leo. Dalili yake ni ya ajabu: sauti ya mtu husikika kama imezama majini, na ukibana kitufe cha kipaza sauti inarudi kuwa nzima. Chombo hicho hakikuharibika. Hakilingani tu na mwenzake, na adapta ndogo hutosha kukisuluhisha.

Mwenye kompyuta ya mezani achomeke nyuma, si mbele. Matundu ya mbele huunganishwa kwa waya unaopita tumboni mwa kompyuta, katikati ya vyombo vyenye ghasia, nao huokota kila kitu. Hedifoni ya USB huepuka mengi ya haya kwa kuwa inageuza sauti ndani yake yenyewe, lakini nayo ichomekwe kwenye kompyuta moja kwa moja, si kwenye kigawanyi kilichobeba pia chaja ya simu na feni ndogo ya mezani.

Na simu iweke mbali, walau mita moja. Ule mpigo wa "trrr, trrr" unaotangulia mlio wa simu hutoka katika mtandao wa 2G, ambao simu huutumia kwa kupiga mawimbi takriban mara 217 kwa sekunde, na waya wa hedifoni huyapokea kama antena.

Sauti inayokatika vipande, au ya mtu anayeongea kama mashine, si kelele ya hedifoni hata kidogo. Hiyo ni intaneti. Sogea karibu na ruta, zima picha ya video, waombe watoto waahirishe katuni, usinunue chochote.

Nimeyaacha nyuma yaliyo mazito zaidi, nayo ni kelele inayoondolewa pamoja na kisichostahiki kuondolewa. Simu ya zamani ya waya ilibeba sauti za mitetemo ya baina ya 300 na 3,400 kwa sekunde tu, na hiyo ilitosha kwa salamu na habari za nyumbani. Lakini mfoko wa "s" una nguvu zake juu ya 4,000, na kinachopambanua "s" na "th" na "f" kwa kiasi kikubwa kiko huko juu. Hedifoni zisizo na waya, zinazotumia Bluetooth, zina hali mbili: ya kusikiliza tu, ambayo sauti yake ni nzuri, na ya kuzungumza, ambayo huanza mara kipaza sauti kinapofunguliwa, na hapo sauti hufinyika. Zile za namna ya kale hupima sauti mara 8,000 kwa sekunde, na kwa hesabu hiyo haziwezi kubeba chochote kilicho juu ya 4,000. Mpya hupima mara 16,000, nazo ni afadhali. Fauka ya hayo, mawimbi yake yako katika gigahezi 2.4, barabara moja na Wi-Fi nyingi za nyumbani na oveni ya mikrowevu, kwa hiyo msongamano ni wa kawaida.

Fikiri basi mtoto anayesoma mbele ya mwalimu wake kwa hedifoni ya namna hiyo. Anatamka tha ya ulimi baina ya meno kama alivyofunzwa, inafika sin. Mwalimu anamrudisha. Anatamka tena sawasawa. Inafika sin tena. Herufi kumi za hamsi, zinazotoka na pumzi, ndizo za kwanza kupotea, kwa kuwa kwa kompyuta pumzi ni kelele. Mtoto anarudishwa mara tano kwa kosa lililofanywa na chombo, na mara ya sita anaanza kulitamka vibaya kwa kutafuta kinachompendeza mwalimu.

Programu za mikutano huongeza jambo jingine juu yake. Zoom na wenzake wana kichujio cha kelele, na kwa kawaida kimewashwa. Kazi yake ni kutambua sauti isiyobadilika, kama ya panka, na kuifuta. Sasa madi ya haraka sita ni nini mbele ya kichujio hicho, ikiwa si sauti iliyonyooka, isiyobadilika, ya sekunde kadhaa? Huiacha ianze, kisha huididimiza, na mwalimu akadhani mwanafunzi amekata pumzi. Ghuna ya nuni na mimu, inayotoka puani kwa sauti ya chini, hupata yayo hayo. Katika mipangilio ya sauti ya Zoom kishushe kichujio hadi kiwango cha chini kabisa. Lipo pia chaguo la kupeleka sauti asilia, lililowekwa kwa ajili ya wanamuziki. Jina lake lisikukimbize, kwani aliyelitengeneza alikuwa na haja ile ile ya sauti ndefu isikatwe. Ukiliwasha, kazi ya kuondoa kelele inakurudia wewe: zima panka kwa muda wa kusoma, funga dirisha la barabarani, keti penye zulia, mapazia na magodoro badala ya ukumbi wa sakafu tupu unaorudisha sauti. Na mwalimu na mwanafunzi wote wawili watumie waya. Hili la waya naliona si la hiari katika darasa la tajwidi, hata kama lisilo na waya ni ghali na la kupendeza zaidi.

Wazazi watazame na kiwango cha sauti. Mwenye kelele sikioni hupandisha sauti ili kuishinda, na mtoto hufanya hivyo bila ya kujua. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 za wiki kwa mtu mzima, na 75 kwa mtoto. Kompyuta haikuonyeshi desibeli, lakini ukimwita mwanao kwa sauti ya kawaida umbali wa mkono na asikusikie, amepita mpaka.

Baada ya yote hayo, ikiwa kelele inakuja na kuondoka kila waya unapopindwa mahali pamoja, hapo ndipo hedifoni yenyewe inapokuwa mgonjwa. Mahali hapo aghalabu ni vidole vitatu kutoka kwenye pini, au pale mkono wa kipaza sauti unapozungukia. Fundi wa simu anaweza kukata kipande kibovu na kutia pini mpya. Mwambie atie kwa lehemu, si kusokota nyaya na kuzifunga utepe. Ikibidi kununua nyingine, chagua ya waya wa USB yenye mkono wa kipaza sauti unaofika pembeni mwa mdomo, na nenda dukani na ushungi unaosomeshea. Rekodi sauti yako hapo hapo kwenye kompyuta ya duka, uisikilize kabla ya kulipa. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.